Daktari Asiyeweza Kuninusa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameondoka. Amechukua watoto wote wawili, pasi, na sufuria kubwa. Sufuria kubwa! Mtu aliyebeba sufuria kubwa hatanii. Yuko kwa dada yake, upande wa pili wa mji, na ameniachia sharti moja: nitibiwe pombe. Ahadi zangu hazitaki tena, anasema anazo za kutosha kufungulia duka. Anataka asikie kwa mdomo wa daktari kwamba nimeacha. Akisikia, atarudi. Asiposikia mpaka shule zitakapofunguliwa, watoto ataandikisha huko huko, na habari yetu itakuwa imeishia hapo.

Nilitaka kukasirika. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno, hasira ikakosa pa kukaa.

Kisha akanitumia namba ya huyo daktari. Hapo ndipo bahati yangu ilipoamka. Daktari ni wa kwenye simu! Siendi kwake wala haji kwangu. Ananiona kwenye simu, namwona kwenye simu, basi! Maisha yangu yote nimeumbuliwa na harufu. Nimetafuna tangawizi, nimetafuna punje za kahawa, nimemeza hata dawa ya meno, na bado mke wangu akinipokea mlangoni anageuza uso kabla sijasema hodi. Sasa naletewa daktari asiyeweza kuninusa. Hii si tiba, hii ni zawadi.

Isitoshe, mimi ni fundi vioo. Nakata vioo vya madirisha, vya picha na vya kujitazamia. Kinachoonekana na kisichoonekana ndiyo kazi yangu. Mtu wa kwenye simu ataniweza wapi?

Jumanne, 5 Machi

Simu ya kwanza. Nilijiandaa kisawasawa. Shati jeupe, nimelinyoosha kwa kitako cha sufuria ndogo yenye maji ya moto, upande wa mbele tu. Chini bukta, huko kamera haifiki. Nikaketi karakanani. Nyuma yangu nikapanga kazi zangu nzuri kuliko zote, ili ajue anazungumza na mtu wa maana: kioo kirefu cha kabati la nguo, kioo cha saluni, na kile cha duara chenye nakshi ukingoni. Simu nikaiegemeza kwenye mkebe wa puti, ile ya kushikizia vioo. Nyuma ya simu, mahali ambapo kamera haina ruhusa, nikaweka chupa yangu. Ya kunituliza tu.

Daktari ni mama wa makamo, ana miwani na sauti ya chini. Akaniuliza nakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo tu, kwenye harusi. Akauliza kama huku kwetu harusi ni nyingi. Nikasema za kawaida. Akaandika. Kisha, bila kupandisha sauti, akauliza hiyo chupa ya kifuniko cha bluu iliyo mbele yangu, iliyobaki nusu, ni ya harusi ya nani.

Nikakata simu, nikamtumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua.

Nimeigeuza ile simu juu chini. Kamera ya nyuma nimeiziba kwa puti. Nimewahi kusikia habari za madaktari bingwa, lakini huyu anaona kupitia simu!

Alhamisi, 7 Machi

Daktari kapiga mwenyewe. Nikaamua kumjaribu. Chupa nikaificha uvunguni, na nyuma ya simu nikapanga vitu ovyo ovyo: nyundo, kitunguu, na kiatu cha mwanangu wa mwisho kilichosahauliwa. Puti iko pale pale kwenye kamera ya nyuma. Nikaketi nikingoja aumbuke.

Akanisalimu, akasema leo anaona nyundo na kitunguu. Kisha akauliza kile kiatu kidogo ni cha nani.

Sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia ni cha mwanangu, mguu wa kushoto, na mguu wa kulia ameondoka nao. Nikamwambia wako wapi na kwa nini. Nikamwambia nakunywa kiasi gani hasa, asubuhi, mchana na jioni. Yote! Mtu anayeona kupitia simu utamficha nini?

Hakushtuka. Akaniomba ninyooshe mikono mbele ya kamera. Ikatetemeka. Nilijua inatetemeka, ndiyo maana siku hizi vioo vikubwa sikati mpaka nipate ya kwanza. Akasema amefurahi kuwa nimesema ukweli, kwa sababu dawa anaipima kwa maneno yangu. Ningemtajia kidogo angenipa kidogo, na mwili wa mtu aliyezoea pombe hivyo ukikatiziwa ghafla unaweza kumwangusha kifafa, hata kumuua. Kwa hiyo nisiache leo kwa kujipiga kifua. Kwanza zahanati ya karibu, nikapimwe damu na presha, kisha dawa, na lazima mtu mzima alale hapa nyumbani siku za mwanzo.

Aliogopa kwa ajili yangu. Nimeiona hofu kwenye uso wake. Watu wengi wameniogopa, na wengi zaidi wameviogopea vioo vyao. Mimi mwenyewe kuogopewa, nilikuwa nimesahau kunavyokuwa.

Jioni nikamsimulia jirani yangu Kinyozi, mtu asiyekunywa kabisa, maarufu mtaa mzima kwa chupa ya soda ya machungwa isiyomtoka mkononi. Akaja karakanani, akaketi kwenye kiti changu, akaangalia simu, akaangalia nyuma. Akacheka mpaka akateleza kutoka kitini. Akanionyesha kile kioo kirefu. Ndani yake palionekana meza, nyundo, kitunguu, kiatu, na mgongo wangu usiopigwa pasi.

Na bukta.

Nimekata vioo tangu ujana wangu. Nimeona haya kama saa nzima. Lakini nikafikiri vizuri. Kioo kinaeleza kitunguu. Hakielezi kwa nini nilisema ukweli. Hilo Kinyozi hana jibu lake.

Jumamosi, 9 Machi

Jana nilipimwa zahanati, leo dawa zimefika kwa mleta vifurushi, pamoja na kidude cha kupulizia. Kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Unakipuliza mbele ya kamera, nacho kinapima pombe kwenye pumzi na kumtumia daktari namba huko huko aliko. Nimekitazama kwa heshima. Pua yenyewe iko mbali, lakini imetuma mjumbe!

Kuhusu mtu mzima wa kulala hapa, nilipiga hesabu zangu. Nani mwingine kama si mke? Daktari ameagiza, nani atabishana na daktari? Nikampigia nikiwa na sauti ya mgonjwa. Mke wangu akasema pole sana, amenielewa, mtu anakuja.

Akaja dada yake.

Shemeji alikuwa mlezi wa bweni la wavulana mpaka alipostaafu. Amechukua chumba cha kulala, mimi nimepewa kochi. Kabla hajavua hata kilemba akazunguka nyumba. Chupa ya kwenye tangi la choo, akaitoa. Ya ndani ya buti la mvua, akaitoa. Ya nyuma ya fremu ya picha yetu ya harusi, akaitoa, na ile picha akaifuta vumbi. Akazipanga mezani, akaniambia, shemeji, wavulana wa miaka kumi na mitano walinificha vizuri kuliko wewe. Ya kwenye buti nilikuwa nimeisahau hata mimi!

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwa shida. Jasho. Mikono kama si yangu. Jana niliona mchwa ukutani, Shemeji akasema hakuna mchwa. Nilimwambia hata yeye sina hakika kama yupo. Akaniletea uji, nikaamini.

Daktari anapiga asubuhi, mchana na jioni. Shemeji ananipima presha, anamsomea namba, naye anasema ongeza hiki, ngoja kile. Wanazungumza juu ya mwili wangu kama mafundi wawili wanaozungumza juu ya paa. Ameeleza wazi: nikichanganyikiwa zaidi au nikianguka, Shemeji asimsubiri yeye, anikimbize hospitali.

Leo alipopiga nilisikia mvua. Nikatazama dirishani, jua kali. Ni kwake! Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na maji yanateremka kwenye kioo. Kioo chenyewe kina ufa kwenye pembe, umezibwa kwa karatasi ya gundi, kazi mbaya kabisa. Nikalia. Shemeji akadhani ni ugonjwa. Lakini hebu fikiria: mvua inanyesha mji mwingine kabisa, nyuma ya mtu ambaye sijawahi kumshika mkono, na mtu huyo ameacha mvua yake anasikiliza kama nimekunywa maji.

Nikamwambia ule ufa utakuja kumkata. Akacheka, akasema atautafutia fundi nikipona.

Jumatano, 20 Machi

Mwili umetulia. Nimekula mayai. Shemeji amerudi kwake, akiniachia onyo na maharage ya kupasha moto. Pamoja na mwili, akili imerudi pia! Nilidhani imeondoka moja kwa moja.

Ilikuwa hivi. Mwenye kile kioo kirefu alikuja kukichukua. Akajitazama, akageuka, akajitazama tena, akasema hajawahi kujiona vizuri hivyo. Kwa furaha akaniachia chupa. Zawadi! Kuikataa ni kumtukana mteja. Nikainywa kidogo, chooni, kwa adabu. Kisha kidogo tena.

Halafu nikakumbuka: kupuliza ni saa kumi na moja.

Hapa ndipo nilipojishangaa mwenyewe. Nina mpira mwembamba wa plastiki, ule wa kudondoshea maji kwenye kioo ninapotoboa tundu. Nikaupitisha ndani ya mkono wa shati, mdomo mmoja ukatokea kiganjani, kwenye kidude, mwingine ukashuka chini ya meza. Chini ya meza, Kinyozi. Mtu wa soda! Pumzi safi kuliko zote mtaani. Hakutaka. Nikamkumbusha kuwa kioo cha duka lake nilikifunga mimi na naweza kukiangalia kwa jicho baya. Akaingia uvunguni na chupa yake ya machungwa. Vioo vyote nikavifunika shuka. Sirudii kosa.

Daktari akasema haya, puliza. Nikatoa macho, nikavimbisha mashavu, nikagonga meza kwa goti. Kinyozi akapuliza.

Daktari akatazama namba yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza najisikiaje. Nikasema vizuri sana. Akauliza kama naweza kusimama. Nikasimama. Akaniambia niseme siku za wiki kinyumenyume, nikazisema. Akasema, kwa namba hii, mtu alipaswa kuwa amelala sakafuni.

Chini ya meza kikatoka kikohozi. Nikakohoa na mimi haraka kukifunika, lakini mdomo wangu ulikuwa umefumba wakati cha kwanza kinatoka.

Daktari akasema kwa sauti ile ile ya chini kwamba hiyo pumzi si yangu, na mwenye nayo atoke, angependa kumsalimia pia.

Kinyozi akatoka. Magoti yana vumbi. Akaiweka ile chupa ya machungwa mezani mbele ya kamera, pole pole. Miaka yote! Mtaa mzima! Ndani yake si soda, au tuseme soda ni ya rangi tu. Na ndiye aliyeninyoa jana, kwa wembe!

Alhamisi, 21 Machi

Nilikesha nikingoja kufukuzwa. Nilitayarisha visingizio vitatu, kimoja kina mjomba aliyefariki. Daktari akapiga, hakuuliza kisingizio hata kimoja. Akasema wengi huteleza, ananihitaji nimwambie ilianzia wapi, tutaangalia tena dawa ya kupunguza hamu, na tunaanza upya leo. Leo! Basi. Hakunigombeza. Nilimsubiri agombeze mpaka nikamwuliza kama amemaliza.

Nikauliza kwa sauti ndogo kama atamwambia mke wangu. Akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hafungui mdomo bila ruhusa yangu. Lakini siku nikimpa ruhusa, atasema kilichopo tu.

Sijawahi kukutana na mtu wa namna hii. Mtu ana siri yangu mkononi na haichezei! Kazi ya kunigombeza imefanywa na Shemeji kwa simu, kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Sijui kwa nini nilimwambia. Kumbe ukweli ukianza kutoka haujui kuchagua mtu.

Jumatano, 27 Machi

Kinyozi naye amejiandikisha kwa daktari wangu. WANGU! Nilimpata mimi! Alilala kwa kaka yake siku za mwanzo, amerudi amenyooka, anapiga mluzi. Tunapuliza jioni pamoja karakanani kwa sababu simu yake ina ufa. Leo daktari amemwambia "vizuri sana". Mimi ameniambia "vizuri". Nimeuliza kama mtandao umekata neno moja. Haukukata.

Haiwezekani. Mtu alikuwa chini ya meza YANGU.

Nimekaa nimefikiri mpaka maharage yameungua. Nimejaribu kumkwepa daktari kwa mbele, akaniona kwa nyuma. Nimetumia mpira, akaona. Kidude hakidanganyiki kwa tangawizi, nimejaribu. Kuna njia moja tu iliyobaki, ya hatari, ambayo hakuna mlevi aliyewahi kuifikiria. Nikinywa, kidude kinajua. Basi nisinywe! Kabisa! Asubuhi nisinywe, mchana nisinywe, jioni nipulize na pumzi ambayo haina kitu. Wataninasia wapi?

Nimetetemeka nilipoliona wazo lenyewe. Si mikono, moyo.

Jumamosi, 6 Aprili

Ulaghai unakwenda vizuri kupita kiasi. Kidude kinasema sifuri. Jana sifuri, leo sifuri. Hakishtuki! Daktari anauliza kuhusu usingizi, namwambia kweli nimelala. Anauliza kuhusu hamu, namwambia kweli inakuja saa tisa alasiri, mdomo unakauka, nakwenda kukaa kwa Kinyozi mpaka ipite. Namjibu kila kitu kama kilivyo, na hajagundua lolote. Leo nimepata "vizuri sana". Kinyozi alikuwepo, nimehakikisha amesikia.

Nimekata kioo cha duka la viatu, kirefu kuliko mimi. Mkono haukutikisika. Nilipiga mstari mmoja, nikagonga, kikaachia chote kwa mara moja, sauti yake nyembamba ikapita karakana nzima. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kipaji.

Nikampa daktari ruhusa. Akampigia mke wangu, akamwambia kilichopo tu.

Alasiri mke wangu akaja mwenyewe, watoto amewaacha nje na Shemeji. Akasimama mlangoni. Daktari amemsikia, sawa, lakini pua yake haijastaafu. Akanikaribia akanusa kinywa, akanusa shingo, akanusa kikombe changu cha chai. Akanusa mkebe wa puti. Kisha akarudi akaninusa tena shingoni, pole pole, na mara hii ya pili haikuwa ya ukaguzi.

Moyo ulinidunda kama siku ya posa. Akasema nanuka sabuni. Akaenda mlangoni akawaambia watoto waingie.

Jumapili, 14 Aprili

Wako nyumbani. Mwanangu wa mwisho amelala jana akiwa amenishika sikio. Nimefurahi kiasi cha kuogopa.

Maana sasa nimenasa! Jana daktari ameniuliza nimewezaje. Nikadhani ameona. Nikasema tu kwamba najitahidi, akatabasamu, akaandika. Mama wa watu! Anaona kitunguu kwenye kioo, anasikia kikohozi chini ya meza, lakini hili limempita.

Nimemweleza Kinyozi mbinu nzima, kwa siri. Akanitazama, akasema hiyo si mbinu, hiyo inaitwa kuacha pombe. Nikamhurumia. Mzuri wa wembe, lakini mambo makubwa hayawezi.

Ubaya wa mpango huu ni mmoja. Hauna siku ya mapumziko. Nikilegea mara moja tu, daktari atajua, pua ya mke wangu itajua, watoto watafungashwa tena. Kwa hiyo nitawadanganya kila siku, leo, kesho, mpaka nizeeke, mpaka nife, na watanizika wakiamini kwamba baba yao alikuwa mtu asiyekunywa. Wote! Hakuna fundi aliyewahi kufanya kazi kubwa kama hii.

Mke wangu anaimba jikoni. Maskini, hajui kitu.